Manukato Niliyomnunulia Mama

Juzi, Ukunda, niliona manukato ya kuwatunza kina mama, yamefungwa utepe, kwa bei ya gunia la mchele. Mimi, nisiyetoka kijijini kwetu Bongwe ila kwa kusukumwa, nilirudi mikono mitupu, nikiikumbuka zawadi yangu ya kwanza.

Bibi alipofariki, nikiwa mtoto, nyumba ilijaa harufu kali, tamu, na kila aliyeingia alimtaja kwa heshima. Nikaona basi, hiyo ndiyo harufu ya mwanamke anayethaminiwa. Alasiri moja niliuza maembe, nikanunua dukani kifuko cha kitu chenye harufu ile, nikampelekea mama jikoni alipokuwa akikuna nazi.

Shangazi alikinusa, akaruka. "Yallah! Hii ni karafuu maiti! Wataka tumzike mamako leo leo?"

Nikaangua kilio. Mama alicheka hata leso ikamvuka kichwani, kisha akanivuta kifuani. "Ahsante, baba. Nitajipaka, lakini si leo."

Akakitia kifuko ndani ya sanduku la leso zake. Tangu hapo, kila harusi aliyokwenda, alinukia kama bibi siku ile ya maziko. Wanawake walikuwa wakimpisha njia, nami nikitembea nyuma yake, kifua mbele, nikijua ni heshima.