Kibali cha Chatu wa Mkolani

Wasomaji wangu wa Mkolani na Butimba wameshapata habari. Wengine mniwie radhi kwa kuwaletea msiba mkiwa kwenye chai. Amefariki yule mzee mcheza ngoma wa chatu, fundi mwashi aliyejenga nusu ya kuta za mtaa wetu, ukiwemo ukuta wangu. Nimesikitika sana, ingawa kwa miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Salamu zangu nilizitoa nikiwa barabarani, miguu ikiwa tayari kwa mbio.

Kwetu Usukumani chatu wa ngoma ni mwenzi wa mchezaji. Hulishwa, huogeshwa, na baada ya mavuno hutolewa uwanjani kushindana na ngoma ya upande wa pili. Marehemu alimlea wake tangu akiwa mwembamba kama mkanda wa suruali. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi wakaanza kuzunguka huku kandokando ya ziwa wakitafuta kenge, vinyonga na nyoka hai wa kupeleka ng'ambo, masharti yakakazwa, na ikatangazwa kwamba asiye na kibali atanyang'anywa mnyama wake. Mzee alikosa usingizi. Akaniomba nimsindikize ofisi ya wanyamapori, akidhani watu wa magazeti huogopwa.

Afisa alimwamkia shikamoo kwa adabu, kisha akamuuliza, "Unampeleka nchi gani?"

"Marahaba. Nampeleka Butimba," mzee akajibu. "Tukimaliza kucheza narudi naye nyumbani."

"Mzee wangu, vibali nilivyo navyo ni vya wafanyabiashara. Cha kukaa na nyoka tu sina."

"Yaani nikitaka kumuuza ruhusa ipo, nikitaka kuishi naye ndiyo haipo?"

Afisa akajikuna kichwa, akampa cha biashara. Hivyo jirani yangu akawa mfanyabiashara pekee wa nyoka Mwanza nzima aliyekuwa akifukuza wateja. Kila alipokwenda kukihuisha kibali aliulizwa mbona mzigo hautoki, naye alijibu kwa uso mkavu kwamba bei bado haijamridhisha. Nilicheka sana nilipolisikia jibu hilo, na hata sasa linanichekesha.

Juzi, matanga hayajaanuliwa, akatokea mnunuzi na gari na gunia. Bei aliyoitaja iliwafanya wanandugu waanze kunong'onezana habari za ada za watoto. Mjane, ambaye miaka yote alimlalamikia chatu kwa kumaliza kuku wake, alitoka ndani akasimama mlangoni. "Mwenye leseni ya kuuza alikuwa mume wangu, na hakuuza," akasema. "Mie leseni sina. Niuze kwa ruhusa ya nani?" Mnunuzi alikunja gunia lake. Wachezaji wenza wa marehemu wakamvusha chatu hadi Sengerema, kwa mwenzao mwenye kibali kama kile, na nimeambiwa kwenye kivuko siku hiyo hakuna aliyegombea nafasi ya kukaa karibu nao.

Tangu milango ya biashara ifunguliwe, tumeruhusiwa kuuza karibu kila kitu: viwanja vya babu, miti ya mipakani, hata samaki tuliokuwa tukiwala wenyewe. Wengi wetu tumeipokea ruhusa hiyo kama amri. Jirani yangu alikuwa nayo mfukoni mpaka siku ya kufa, na hakuona sababu ya kuitumia.