Ruhusa Nilizojilimbikizia

Wiki ile niliyotakiwa kwenda kuposa Heru Juu, nilikuwa nimejifungia kwenye chumba changu cha kupanga Kibondo, nikigombana na kompyuta iliyokuwa ikiniambia neno moja tu: huruhusiwi. Kabla ya Jumamosi nilikuwa na mambo mawili ya kumaliza, kazi na posa, na posa ndiyo iliyoninyima usingizi. Yule binti alikuwa muuguzi Kasulu mjini, mcheshi, mkali, na nilimpenda kiasi cha kusahau kula, nami si mtu wa kusahau kula. Alikuwa ameniambia mapema: "Baba akikataa, mimi sitoroki na mtu. Kwa hiyo usije nyumbani kwetu kubahatisha." Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Nilipenda sana kuwaambia watu wasiwe na wasiwasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika nililokuwa nikifanyia kazi lilikuwa na mfumo wa kufuatilia dawa za zahanati za kambi ya Nduta, na mfumo huo ulikaa kwenye kompyuta moja kuukuu ambayo umeme ukikatika nayo inakata roho. Tukaamua kuuhamishia kwenye seva za kukodi, zile ambazo watu husema ziko mawinguni. Siku hizi seva za namna hiyo huzijengi kwa kubofya bofya. Unaandika maelezo kwenye faili: nataka seva moja, nataka ghala la mafaili, mlango huu uwe wazi, ule ufungwe. Kisha faili unalikabidhi kwa programu nyingine, nayo ndiyo inayokwenda kujenga kwa niaba yako. Sisi tuliiita mjumbe. Mjumbe ana akaunti yake na jina lake, mbali na la kwako. Hili la mwisho nalitaja haraka haraka, kama nilivyolisoma haraka haraka wakati ule.

Nikijaribu kujenga moja kwa moja kutoka kwenye laptop yangu, kila kitu kinasimama vizuri. Nikimtuma mjumbe, anakataliwa mlangoni. Mtu mwenye akili angejiuliza tofauti iko wapi. Mimi nililaumu mtandao wa Kibondo. Nikalaumu mvua. Nikahama kiti nikakaa karibu na dirisha, kana kwamba ruhusa huingia na upepo. Mwisho nikampigia bosi wangu, dada mmoja aliyekuwa Dar es Salaam, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Bosi, niongezee ruhusa, nilizonazo hazitoshi."

Akaniongezea. Nikakataliwa. Nikampigia tena, akaongeza tena. Ilipofika Alhamisi nilikuwa naruhusiwa kujenga, kubomoa, kufuta na kufungia watu wengine nje. "Sasa wewe una mamlaka kuliko mimi," akaniambia. "Umesoma ujumbe wa kosa wote?" Nikasema nimesoma. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma neno la mwanzo na neno la mwisho. Katikati kulikuwa na mlolongo mrefu wa herufi, na mimi vitu virefu huwa naviruka, ndiyo maana hata mahubiri kanisani nayajua mwanzo na mwisho.

Upande wa posa nilijiona nimeshamaliza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nashuka Kasulu kila nilipopata nafasi, napanda bodaboda hadi Heru Juu, nasaidia kubeba mihogo, naelekeza dishi la televisheni, natoa picha zilizojaa kwenye simu ya mama yake. Mzee, baba yake binti, nilimwamkia kwa Kiha, yeye akaniitikia kwa Kirundi, tukaelewana vizuri kabisa. Familia yao ilikuja kutoka Burundi kama wakimbizi mzee akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na sasa ni raia wenye shamba la maharage. Alinizoea. Hata mbwa wao alinizoea. Kwa hiyo nilipoambiwa mshenga atangulie kwenda kujitambulisha kabla ya siku yenyewe, nilisema ya nini, wakati mimi wananijua hadi ninavyokunywa chai?

Mshenga alikuwa baba yangu mdogo, mkulima wa kahawa wa Muyama, mtu mwenye sauti nzuri na suti moja nzuri. Alifika Jumamosi ileile asubuhi, tukakutana stendi ya Kasulu, tukaenda moja kwa moja. Laptop niliibeba begani, maana kazi ilikuwa haijaisha na Jumatatu zahanati zilitakiwa kuanza kutumia mfumo mpya.

Kwetu anayeposa hasemi. Anakaa, anaangalia viatu vyake, mshenga anasema kwa niaba yake. Nikaangalia viatu vyangu. Baba mdogo akasimama, akasalimia vizuri, akaanza kueleza jinsi tulivyoona ua kwenye boma hili. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono taratibu.

"Umesema vizuri, ndugu yangu. Lakini wewe ni nani?"

Baba mdogo akataja jina lake, ukoo wake na Muyama.

"Hao wote siwafahamu," mzee akasema. "Huyu kijana namfahamu. Ningemkatalia yeye, ningekuwa mwongo. Lakini hakuja kusema yeye, umekuja wewe, na wewe sijawahi kukuona hata siku moja. Sisi kwenye nyumba hii tumeulizwa wewe ni nani maisha yetu yote. Kambini, mpakani, ofisini. Leo na mimi nauliza."

Hapo mtu mwenye akili angeendelea kuangalia viatu. Mimi nikasimama. "Mzee, lakini mwoaji ni mimi! Mnanijua. Dishi lile nimeelekeza mimi!" Nikaonyesha kwa kidole. Mama akashusha macho. Baba mdogo alinivuta shati nikakaa, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mzee akasema, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba wageni wamalize kula samaki wao, ile migebuka, kisha wakajipange upya.

Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe nyuma ya jiko. Nilikuwa na hasira na aibu, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumgombeza, nikafungua laptop nimgombeze mjumbe. Nikamtuma, akakataliwa. Safari hii, kwa sababu sikutaka kurudi ndani, nilisoma ujumbe wote, neno kwa neno, pamoja na ile katikati ndefu. Ulikuwa unasema waziwazi nani amekataliwa. Haukunitaja mimi. Ulimtaja mjumbe, kwa jina lake, kwamba yeye ndiye asiyeruhusiwa kujenga ghala la mafaili. Wiki nzima nilikuwa najirundikia ruhusa mimi, niliyebaki nyumbani, na yule niliyemtuma nilimwacha aende mikono mitupu.

Nikampa ruhusa yake. Ilikuwa mistari michache. Nikamtuma tena, akapita, na seva zikaanza kusimama mbele ya macho yangu.

Nikacheka. Nilicheka mpaka jiwe likanishinda kukalia, nikashika ukuta. Shangazi yake binti alikuwa ametoka kumwaga maji ya kunawia, akanikuta mtu niliyetoka kukataliwa posa najichekea peke yangu na kompyuta. Akarudi ndani na beseni lake bila kumwaga.

Aliyetoka baada yake alikuwa binti mwenyewe.

"Ndani wanaambiwa unacheka."

"Siwachekei ninyi."

"Mama analia jikoni, mimi nimekaa chumbani nimeshika kanga mdomoni, na wewe unacheka." Macho yake yalikuwa mekundu. "Unachekea nini?"

Nikaanza kumweleza habari za mjumbe, na seva, na ghala la mafaili. Nilikuwa mjinga wa kutosha kumgeuzia kioo cha laptop aone. Alinisikiliza kidogo, akasema, "Nenda Kibondo," akaingia ndani. Simu zangu hakupokea tena. Mfumo wa dawa ulianza kazi Jumatatu vizuri sana, bosi akanipongeza mbele ya watu, na sijawahi kupongezwa nikiwa na huzuni namna ile.

Baba mdogo hakurudi Muyama. Alifikia kwa ndugu zetu Kasulu, na kesho yake akaenda Heru Juu peke yake, bila suti. Akaenda tena. Akapalilia nao maharage, akabishana na mzee kuhusu magonjwa ya kahawa, akamzika jirani yao pamoja nao. Mimi nilikatazwa kukanyaga. Baadaye mzee alinipigia simu, moyo ukaruka, kumbe anataka namba ya baba mdogo.

Tukaitwa tena. Nilikaa nikaangalia viatu. Baba mdogo akasema yale yale aliyosema mara ya kwanza, karibu neno kwa neno, na safari hii mzee alikuwa akiitikia, "Ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo, hadi mwisho. Kisha akaagiza binti aletwe, maana neno la mwisho husemwa na yeye. Shangazi akamleta amejitanda kanga. Tangu siku ya jiwe nilikuwa sijamwona.

"Wageni hawa unawafahamu?" baba yake akamuuliza.

Akamtazama baba mdogo. "Huyu namfahamu, baba."

Nilikuwa na maneno mengi, mazuri, niliyoyapanga njia nzima kutoka Kibondo, na yote nikayameza.

"Na huyu kijana?"

Akageuka akaniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu chote bila kuruka katikati.

"Huyu," akasema, "ndiye aliyemtuma."

Shangazi akapiga kigelegele. Mimi bado nilikuwa sijaruhusiwa kusema neno, kwa hiyo nikalia kimya kimya, machozi yakidondokea viatu.