Brashi za Baba

Mume wangu hakuwa mtu wa kuuziwa kitu kirahisi. Nyanya alizibonyeza mpaka mama mboga wetu pale mtaani Baba Dogo akamwuliza kama anataka kuzila au kuzioa. Kwa hiyo aliposema anaacha kazi ya ufundi wa mitambo kiwandani ili ajenge mahali pa kuoshea magari kwa mashine, nilijua kitakachotuchosha si ujenzi. Kitakachotuchosha ni kununua vifaa.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Gari la mtu wa mitaa ya Eastlands lilioshwa kwenye mto Mathare au mbele ya mlango, kwa ndoo na kitambaa. Yeye alitaka banda refu la bati, wazi pande zote mbili. Gari liingie upande huu, dereva azime injini, mnyororo wa sakafuni uliburute polepole, maji yalipige, brashi kubwa zinazozunguka zilisugue, kisha litokee upande wa pili likiwa safi. Aliiona mashine ya namna hiyo kwenye kitabu cha picha cha wauzaji wa ng'ambo, na tangu siku hiyo haikumtoka kichwani. Mwenye kituo cha petroli karibu na viwanda akatukodisha uwanja wake wa nyuma, benki ikatukopesha, tukaanza kuzunguka madukani.

Tulizunguka kila Jumamosi. Mimi nilikuwa karani, nimezoea kukaa, na miguu ilinivimba. Kila muuzaji aliulizwa maswali yale yale: ikiharibika nani ataitengeneza, spea zake ziko wapi, na hebu iwashe nione. Mhindi mmoja mzee wa Eneo la Viwanda alilazimika kuitoa pampu dukani, kuifunga kwenye pipa la maji uani na kuiacha ingurume, huku mume wangu amechutama pembeni akiisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Tukanunua ile. Mwingine, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, alituonyesha mota nzuri ajabu, lakini akasema spea zake huja kwa meli.

"Na wateja wangu niwaambie wangoje meli?" mume wangu akamwuliza. "Hapana, ndugu. Mota yako ni nzuri, lakini hainifai."

Alimwambia hivyo hivyo, mbele ya wafanyakazi wake. Nilimvuta shati tulipotoka nje. Akasema afadhali mtu akununie leo kuliko kumdanganya halafu akuchukie kesho. Nilimpenda kwa hilo. Nilikulia kati ya watu wanaozungukazunguka maneno, na huyu Mkikuyu wangu aliyesema kitu kilivyo alikuwa kama dirisha lililofunguliwa.

Sasa nimseme baba yangu. Alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akapata chumba hapa mjini, mtaa wa Pumwani, na miaka yote hiyo alichonga twiga na swala wa watalii katika kibanda kimoja na wazee wenzake wa kwetu. Mama yangu alikuwa amefariki, na mimi ndiye niliyebaki naye karibu. Aliniita "mama", kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na kwa sababu hiyo sikumbuki akinifokea hata mara moja.

Jumapili moja alikuja kwetu kutoka kanisani. Mume wangu akampangia viberiti mezani kumwonyesha banda litakavyokuwa: gari hili hapa, maji haya hapa, brashi zimesimama hapa na hapa. Baba aliangalia kwa muda mrefu. Chai yake ikapoa.

"Hizo brashi," akasema, "nani anawatengenezea?"

"Bado tunatafuta, mzee."

"Msitafute. Nitazitengeneza mimi."

Nilimtazama mume wangu nikingoja yale maswali yake. Hakuuliza hata moja. Aliinamisha macho, akasema, "Asante sana, mzee. Tutashukuru."

Kwao na kwetu ni sawa: mtu hamkatalii baba mkwe wake, wala hamkagui kama anavyokagua muuzaji. Nilijua hivyo tangu utotoni. Siku ile nilifurahi, nikaona nimeolewa na mtu mwenye adabu.

Baba aliwaacha twiga wake. Alitafuta mbao za mvule, kwa sababu mvule hauogopi maji, akachonga magogo manne yenye urefu wa mtu, laini kama chupa. Katani aliiagiza kutoka kwao Ukambani. Aliichemsha, akaichana, akaichemsha tena mpaka ikalainika, ndipo akaipachika fungu kwa fungu kwenye matundu aliyoyatoboa kwa mkono. Wazee wenzake walimcheka, wakasema ameacha wanyama, sasa anachonga injini. Kila nilipomtembelea alinivuta mpaka kwenye kiti alichokipaka vanishi, akakisugua kwa katani iliyolowa, kisha akainamisha shavu lake karibu na mbao.

"Mama, njoo utazame. Imekwaruza?"

"Haijakwaruza, baba."

"Tazama vizuri. Gari la mtu si mchezo."

Siku moja tulikuwa wawili tu kibandani. Akaniambia neno ambalo sikuwa nimelisikia kwake maishani mwangu. Akasema wanyama wake wote wamekwenda Ulaya, na hajawahi kumwona hata mmoja pale alipowekwa. Hajui kama wako mezani au wako kwenye pipa la takataka. "Lakini hizi nitaziona," akasema. "Nitasimama pale nizione zikifanya kazi." Nilijifanya nakung'uta vumbi la mbao kwenye sketi yangu, maana machozi yalikuwa karibu.

Alizileta kwa mkokoteni, amezifunga kwa magunia na kuyashona. Mume wangu alizipokea kwa mikono miwili. Wakaziingiza stoo pamoja, mtu na mkwewe, wakitembea kinyumenyume na kuambiana "polepole".

Wiki ya mwisho kabla ya kufungua, niliwapelekea mafundi chai. Banda lilikuwa limekamilika. Brashi zilikuwa zimesimama mahali pake, nene, za nailoni ya buluu, na kwenye vyuma vyake kuna herufi za kampuni ya ng'ambo. Niliweka birika chini nikaenda stoo. Magunia ya baba yalikuwa kwenye kona. Ule uzi aliotumia kuyashonea haukuwa umekatwa hata mahali pamoja.

Jioni ile sikupika. Mume wangu aliingia, akaniona nilivyokaa, akajua.

"Ulitaka nimwambie nini?" akasema.

"Ukweli. Kama ulivyomwambia yule wa mota."

"Yule si baba mkwe wangu."

"Basi ungezijaribu! Pampu ya Mhindi uliichutamia asubuhi nzima. Za baba yangu hukufungua hata gunia?"

Alikaa kitandani na viatu vyake vya matope. Akasema kama angezijaribu zikashindwa, angelazimika kumwambia mzee kazi yake imeshindwa, na hilo asingeliweza. Ndiyo maana hakuzijaribu. Aliagiza zile za nailoni wiki ile ile baba aliyojitolea, kimya kimya, akaacha mzee aendelee kuchonga. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, ya mtu anayeamini kwamba ametenda wema. Nilitamani awe amefanya kwa dharau. Dharau ningejua la kuifanyia.

Nilimtaka aende Pumwani amweleze kabla ya siku yenyewe. Aliahidi, na kweli alikwenda. Alirudi usiku uso umemshuka. Alimkuta baba amekwisha kuwaalika wazee wa kibandani na wa kanisani, na suti yake imefuliwa, inaning'inia mlangoni. Alikunywa chai, akazungumzia mvua, akarudi. Nilisema basi nitakwenda mimi. Sikwenda. Kila nilipojaribu kuyapanga yale maneno kichwani, niliona suti ile.

Siku ya kufungua, baba alifika mapema na wazee wanne. Mchungaji aliomba. Gari la kwanza lilikuwa pikapu ya kiwanda cha sabuni, chafu kweli kweli. Mnyororo ukalishika, maji yakaruka, na zile brashi za buluu zikaanza kuzunguka. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuitazama pikapu. Nilimtazama baba.

Alikuwa amesogea mpaka mbele, manyunyu yanamrukia kwenye koti. Alitazama brashi ya kushoto, akatazama ya kulia. Akainama kidogo ili aone chini, mahali mbao ingeonekana kama ingekuwapo. Kisha akasimama wima, akaunganisha mikono mgongoni.

Mmoja wa wazee wake, aliyemcheka zaidi kule kibandani, akauliza kwa sauti, "Sasa hizi zako ni zipi?"

Mume wangu alikuwa karibu, ameshika swichi. Nilimwona akifumba macho.

"Ndizo hizo," baba akasema. "Wamezivalisha nailoni kwa juu. Mbao iko ndani."

Wale wazee walikuwa wachongaji. Maisha yao yote wameshika mbao, na hakuna mmoja wao ambaye hakuona chuma kikizunguka pale. Lakini yule aliyeuliza akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Kazi safi, mzee." Wengine wakaitikia, "Safi kabisa," wakamshika baba mkono mmoja baada ya mwingine, na yeye akawapokea.

Walikula wali, wakanywa soda. Mume wangu alimhudumia baba mwenyewe, akamnawisha mikono, akimwambia, "Karibu, mzee." Baba akamjibu, "Asante, mwanangu," kwa upole ule ule wa siku zote. Wazee wakatangulia kituo cha basi. Mimi nikabaki nyuma kumsindikiza.

Tulitembea kando ya ukuta wa kiwanda. Nilikuwa nikingoja anikasirikie, na nilitaka anikasirikie, nipate mahali pa kuanzia. Aliuliza habari za kazi yangu. Akanionyesha mti uliochanua. Tulipokaribia kituoni, akasimama.

"Mama, nataka uniambie kitu kimoja. Mume wako hawezi kuniambia, na mimi simlaumu. Zilikuwa na kasoro gani?"

Nikatazama barabarani.

"Katani ilikatika? Au mvule uliyumba ulipozunguka? Niambie tu, nijue. Bado nina nguvu, naweza kurekebisha."

Basi lilikuwa linakuja. Mpaka leo sijui kama zile brashi zingefaa. Pengine zingekatika siku ya kwanza, pengine zingedumu kuliko nailoni. Nilijua jambo moja tu, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na uongo wa kila mtu, nikaona yeye angalau anastahili ukweli.

"Hazikuwa na kasoro, baba. Hazikuwahi kujaribiwa."

Alinitazama. Sijawahi kuuona uso wake vile, hata siku tulipomzika mama. Wazee walikuwa wameshapanda, wanamwita kutoka dirishani. Alishika chuma cha mlango wa basi, akaweka mguu mmoja juu, kisha akanigeukia.

"Ungeniambia tu zilipasuka," akasema.