Niliona Kinyaa na Sakafu ya Mjane, Ukuta Ukamwangukia

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Naandika bila jina kwa sababu hata ujasiri wa kujitaja sina, na hilo nalo linanichefua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Mpanda. Ilikuja timu ya kupima kelele na mtetemo wa treni kwenye nyumba zilizo karibu na reli, maana treni za mizigo zinapita nzito na watu walilalamika nyumba zao zinapasuka. Pale ambapo mtetemo ungezidi kiwango, reli ingewekewa chini yake mipira ya kumeza mtetemo na treni zingeamriwa kupita polepole. Mimi nikapata kibarua cha kuwasaidia kwa kuwa watu wa mtaa ule nawajua.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi mno. Mhandisi anabaki nje anapima kelele. Mimi naingia ndani na kidude kingine kizito cha kupima mtetemo, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, nakiweka sakafuni, treni inapita, natoka nacho. Alinielekeza zaidi ya mara moja: "Sakafu tupu, dada. Hata kitambaa usiweke chini yake, kitameza mtetemo. Sakafu ikiwa laini, kwangua mpaka ufike pagumu, halafu kikandamize."

Nilielewa. Msije mkasema sikuelewa.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Mama Kalista, mjane anayeishi peke yake hatua chache tu kutoka relini. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo marehemu mume wake, fundi, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshampa taarifa kwamba wageni wanakuja. Basi mama wa watu akaamka mapema, akasiriba sakafu yote kwa mavi ya ng'ombe, kama wanavyofanya wenye adabu zao wakitarajia ugeni. Nilipofika ilikuwa bado mbichi.

"Karibu mwanangu, pita tu, usivue viatu," akaniambia. "Mie treni ikipita nashika ukuta. Vikombe navyo vinacheza vyenyewe humo kabatini."

Nikaona kinyaa. Mimi! Mimi niliyezaliwa kijijini Kasansa, nikatambaa juu ya sakafu ya namna hiyohiyo, nikafundishwa na mama yangu kuchanganya samadi na udongo kwa mkono. Lakini siku ile nilikuwa nimebandika kucha na nimevaa kizibao kinachong'aa cha kazini, nikajiona mtu wa ofisi. Niingize vidole mle nianze kukwangua? Thubutu.

Mlangoni palikuwa na gunia tupu la mahindi. Nikalikunja mara nne, nikaweka kidude juu yake. Mama Kalista akauliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nikamjibu ndivyo.

Treni ikapita. Vikombe vikagongana kabatini, mama akashika ukuta kweli kama alivyosema, na mimi nimesimama pale namtazama.

Nje mhandisi akasoma namba, akakunja uso. "Ajabu. Jirani yake yuko mbali zaidi na reli, lakini mtetemo wa kule ni mkubwa kuliko hapa. Uliweka kwenye sakafu tupu?"

"Ndiyo, injinia. Labda msingi wa huyu ni imara."

Nilisema hivyo bila hata kumeza mate. Angeniambia turudie, ningerudia. Aliniamini, akaandika, tukaenda nyumba ya tano.

Orodha ya sehemu za kuwekewa mipira ilipotoka, kipande cha reli kilicho mbele ya Mama Kalista hakikuwemo. Kwa jirani wakaweka mipira, treni zikawa zinanyata, halafu zikifika kwake zinaongeza mwendo. Nilikuwa nikipita njia ile nageuza uso upande wa pili. Mtu mzima na akili zangu, nauogopa ukuta.

Mvua zilipokolea, ufa uliokuwa umejificha nyuma ya kabati la Mama Kalista ukafunguka. Mchana mmoja treni ikapita na ukuta ukashuka. Ulimkuta amekaa anachambua maharage. Nyonga ikavunjika, na sasa anaishi kwa binti yake kule Kakese, hawezi kwenda hata chooni bila kushikwa mkono.

Nilikwenda kumwona na kilo ya sukari. Kilo ya sukari, jamani, ndiyo niliyoona inatosha. Lakini nilikuwa nimejipanga kumweleza yote, na njia nzima nilikuwa nikirudia maneno moyoni. Nilipokaa tu, akanishika mkono akaanza yeye.

"Mwanangu, nyie siwalaumu. Mashine ilisema treni haina kosa. Kumbe ni mume wangu. Miaka yote namsifu fundi, fundi, kumbe alinijengea ovyo. Nimewaambia hata watoto, baba yenu alitudanganya."

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni "Pole, mama." Nikanywa chai yake nikaimaliza, nikaaga.

Tangu siku ile Jumapili nakaa benchi la nyuma kanisani na komunyo sipokei. Wenzangu wanadhani nina ugomvi na padri. Nikiziona kucha zangu nazificha, ingawa zile za kubandika nilishazing'oa zamani.

Nyie mnaopewa vifaa mkaingie majumbani mwa watu, nawaombeni. Kinyaa kikiwashika, tokeni nje mseme mmeshindwa. Mtagombezwa, mtachekwa, na yataisha siku hiyohiyo. Mimi nilinyamaza. Nimemvunja mama wa watu nyonga, halafu nikamwachia mume wake lawama, na yeye yuko kaburini, hawezi kujitetea.