Leso ya Bi Rukia na Mchezo wa Jaji

Mpaka ndevu zikaniota, niliamini kwa moyo mmoja kwamba mtunzi wa mchezo bora kabisa uliowahi kuonyeshwa kwenye televisheni alizidondosha kurasa zake baharini pale Feri. Habari hiyo alinipa binamu yangu Sefu, aliyekuwa akiuza kachiri na mihogo ya kukaanga pale watu wanaposubiri kuvuka kwenda Likoni. Alisema mtunzi alitoka Nairobi na mkoba wa ngozi, akinuia kwenda ng'ambo kupumzika. Feri ikatikisika, mkoba ukafunguka, karatasi zikaruka kama njiwa. Chache ziliokotwa, nyingi zikazama. Ndiyo maana, alisema Sefu, mchezo ule una mapengo. Yeye aliona kwa macho yake papa akichomoza na kuimeza sehemu ya saba yote. Mimi, mwenye miaka kumi, sikutilia shaka hata kidogo. Nilichouliza ni kama papa alipona.

Wenzangu mliokulia Kibokoni miaka ya tisini mnaujua mchezo ninaousema. Ulikuwa na jina lake refu la kifahari, lakini sisi tuliuita Mchezo wa Jaji. Jaji mmoja tajiri alikutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa, kando yake kikombe cha chai yenye sumu. Kila Jumapili jioni Inspekta alimsaka muuaji. Kulikuwa na daktari wa marehemu, kulikuwa na mtunza bustani mwenye hasira, kulikuwa na mpwa wa marehemu, kijana mpole wa miwani, kila neno lake "tafadhali". Inspekta alivaa koti zito la sufu lililofika magotini. Koti lile lilitushangaza kuliko mauaji yenyewe. Sisi hata fulana zilitutoa jasho la kujaza ndoo. Na Kiswahili chao cha bara tulikicheka mpaka mbavu zikauma, kisha Jumatatu tunakwenda shule tukikiiga neno kwa neno.

Tuliutazama nyumbani kwa Bi Rukia, mpika mahamri, aliyekuwa mlango wa tatu kutoka kwetu. Televisheni yake ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa maua ya plastiki. Kuifungua ilikuwa shughuli kama ya kumtoa bi harusi. Tukiacha tiara zetu za karatasi juu ya paa na gololi zetu uchochoroni, tukinawa miguu, tukipangwa mkekani. Nadhani tulikuwa watu mia mbili katika chumba cha kuingia kumi. Kulinuka iliki, udi na soksi za Sefu. Bi Rukia alikalia kiti chake cha mbao kilichosukwa kwa kamba, kiti ambacho hakuna mtu mwingine aliyethubutu kukigusa.

Na adabu! Hakuna aliyeingia nyumba ile akakaa tu kama gunia. Uliingia na masalkheri yako, ukampa mkono mkubwa wa kwanza, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mama yako hajambo, mguu wa bibi yako umepoa, na wa pili vivyo hivyo, mpaka umalize chumba. Ukimaliza wewe, ameingia mwingine. Huko kwenye kioo Inspekta yuwasema jambo, lakini nani amsikilize mtu ambaye hata hakuamkia?

Kisha ilikuja Magharibi. Mchezo ulianza saa kumi na moja unusu, ukachukua saa nzima, na jua la Mombasa halingojei mtu. Muadhini akitamka neno la kwanza, Bi Rukia huinuka akazima. Hakuna nyumba katika uchochoro wetu iliyoacha televisheni ikisema wakati wa adhana. Sisi watoto tukiguna, yeye hutuambia, "Yamebaki majina tu ya waigizaji. Nendeni mkasali." Tukamwamini, tukakimbia msikitini. Tukirudi, kuna mtu wa tai anasoma habari.

Basi mapengo yalikuwa ya ajabu. Jumapili moja Inspekta alifungiwa ghalani, ghala likawaka moto, moshi ukampanda mpaka kooni. Jumapili iliyofuata yuko ofisini anakoroga kahawa, koti halina hata tundu la cheche. Mtunza bustani alipigwa risasi akaanguka juu ya mawaridi, wiki ya pili anayamwagilia maji mawaridi yale yale. Ufunguo wa chumba cha jaji tuliuacha ndani ya mtoto wa meza, tukaukuta mfukoni mwa daktari. Watu wengine wangeudharau mchezo kama huo. Sisi tuliupenda maradufu. Wiki nzima, barazani, chuoni tulikosoma Kurani, kwenye foleni ya mbaazi, watu hawakuwa na neno jingine. Ametokaje motoni?

Hapo ndipo nilipopata umaarufu wangu. Mimi nilikuwa na jibu kwa kila pengo. Niliwaambia watu kwamba Inspekta ana pacha, mmoja ameungua, mmoja anakunywa kahawa. Mtunza bustani alivaa sinia kifuani. Wazee waliniita barazani, wakanipa nafasi katikati yao na kipande cha achari ya embe, wakasema, "Haya Athmani, tuzibie." Wakanibandika jina Fundi Kuziba, kama wale wanaoziba sufuria. Na kwa kuwa kurasa zilizama Feri, nilijua hakuna binadamu wa kunisahihisha.

Alikuwapo mmoja, kwa kweli. Darasani mwetu kulikuwa na msichana aitwaye Mumbua, babake alifanya kazi reli na walikaa nyumba za reli. Jumatatu moja akasema, "Inspekta alivunja dirisha akatoka. Na koti aliliacha humo humo, hilo ni jipya. Mimi nimeona." Tulimzomea darasa zima. Dirisha gani? Sisi tulitazama kwa macho yetu mpaka kwenye majina! Nikamwita muongo, mimi wa kwanza. Tangu siku hiyo, ukimuuliza lolote la Mchezo wa Jaji, alijibu, "Mtasema mimi muongo," akafunga mdomo kama kopo la samli.

Mpinzani wangu wa kweli alikuwa Bi Rukia. Yeye hakushughulika na pacha wala sinia. Tangu Jumapili ya kwanza alisema muuaji ni yule mpwa mpole, na chumba kizima kilimcheka. Vijana wakampa jina, Mama wa Mpwa, na hata wanunuzi wa mahamri asubuhi walimtania, "Bi, mwanao hajambo?" Alicheka nao, lakini nilimwona anavyoupiga ule unga.

Siku moja nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwamba muuaji ni daktari, akisaidiwa na pacha wake.

"Pacha tena?" akauliza Bi Rukia. "Juzi Inspekta, leo daktari. Kwani huko Nairobi hawazai mmoja mmoja?"

"Mpwa hana hatia, Bi. Mtu mpole vile!"

"Wewe Athmani, akili zako ni kama antena ya nyumba hii, mpaka igeuzwe na mtu. Siku ya kwanza yule mpwa alitia chai vikombe vitano, na waliokaa pale, yeye akiwamo, walikuwa sita. Mimi natia chai tangu sijaolewa, sijaona mtu akawatilia watano akajisahau mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Mimi, kichwa kimevimba kwa sifa, nikasema niko tayari kushindana naye. Bi Rukia akanitazama kutoka unyayo mpaka utosi.

"Haya. Nikishindwa mimi, kiti hiki ni chako, nami takaa mkekani. Ukishindwa wewe, utajitanda leso yangu, uende Ndia Kuu mwanzo hadi mwisho, na kila atakayekuuliza umwambie, 'Bi Rukia alijua.'"

Tukapeana mikono. Jamani, sijawahi kuomba dua kama wiki zile. Mvulana wa Kibokoni kujitanda leso na kupita mbele ya maduka ya Ndia Kuu! Bora kumezwa na papa wa Sefu.

Jumapili ya mwisho ikafika. Nadhani Mombasa nzima ilihamia nyumba ile, wengine wakaning'inia madirishani. Daktari, mtunza bustani na mpwa wamekaa sebuleni kwa marehemu. Inspekta akasimama katikati, akawatazama mmoja mmoja.

"Muuaji," akasema Inspekta, "yumo humu ndani. Na muuaji huyo ni..."

"Allahu akbar, Allahu akbar," akasema muadhini.

Bi Rukia akainuka. Chumba kikalia kwa sauti moja. "Bi, neno moja tu!" "Bi, kwa jina la mamako!" Mama yangu, ambaye hakuwahi kuomba kitu kwa jirani, aliomba. Na mimi nilikuwa nimekaa karibu kuliko wote, niliuona mkono wa Bi Rukia umefika kwenye kitufe ukasita. Hakuna mtu aliyelitaka neno lile kuliko yeye. Miezi amechekwa, na ushindi wake au aibu yake ilikuwa inasubiri kwenye ulimi wa Inspekta. Kisha kikalia kach, kioo kikawa cheusi.

"Nimeitwa," akasema. "Nanyi mmeitwa."

Tuliporudi, alikuwapo yule wa tai na habari zake. Marudio hayakuwapo, kanda hatukuwa nayo, na Mumbua nilipomwendea Jumatatu nikimbembeleza kwa mabuyu, aliyapokea mabuyu, akala, akasema, "Mtasema mimi muongo." Nikashika hoja yangu ya Feri, nikadai hata televisheni ingeachwa, Inspekta angekwama hapo hapo, kwa kuwa ukurasa ule umo tumboni mwa samaki. Bi Rukia hakubishana. Alichukua leso moja nyekundu, akaitundika msumarini nyuma ya mlango. "Yakungoja," akasema.

Ilingoja miaka ishirini na ushei. Mimi shule niliiacha njiani, nikauza vinyago Ndia Kuu, nikaoa, kisha nikajiandikisha masomo ya jioni kwa watu wazima. Na darasa la kwanza, nani ameketi dawati la mbele? Mumbua, sasa karani wa bandarini, mama wa watoto watatu. Tulisalimiana kwa furaha, na la Jaji hakuna aliyeligusa.

Mpaka siku mwalimu wa fasihi alipotuuliza kama mapengo yanaiharibu hadithi ya upelelezi. Niliruka juu kama nimekalia mwiba. Nikatoa hotuba ambayo, bila kujisifu, iliwaleta watu wa darasa la jirani madirishani. Nikasema Mchezo wa Jaji ulikuwa na mapengo ya kupitisha meli, na ndiyo hadithi tamu kuliko zote nilizowahi kuona, kwa sababu mtunzi alitunga nusu, na nusu tukaitunga sisi barazani. Nikasema mpaka leo hakuna ajuaye nani alimuua jaji. Makofi!

Mumbua akainua mkono. "Mwalimu, bwana huyu aliniita muongo darasa la nne. Naomba nafasi." Akanigeukia. "Athmani, leo utanisikiliza?"

"Leo nakusikiliza, dada."

"Alikuwa yule mpwa. Inspekta alimuuliza, mlikuwa watu sita, kwa nini ulitia vikombe vitano? Akaanza kulia, akafungwa pingu."

Nilikaa chini. Vikombe vitano! Hata hivyo sikuiacha Feri. Nilijiambia, basi ukurasa ule uliokotwa.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Rukia. Alikuwa mzee sana, amewekewa kile kiti chake cha kamba barazani. Nilimuamkia, nikamweleza yote. Alinyoosha tu kidole ndani, nyuma ya mlango. Leso ilikuwapo, imepauka mpaka wekundu umekuwa wa waridi.

Nikajitanda. Mwanamume mwenye ndevu na tumbo lake, nikaishika Ndia Kuu mwanzo hadi mwisho. Wauza vinyago wenzangu walifunga maduka wakanifuata. Wazee waliobaki wa wakati ule walisimama barazani wakauliza, "Fundi Kuziba, kuna nini?" Nikajibu, "Bi Rukia alijua," na wakaelewa papo hapo, wakapiga vigelegele wanaume wazima. Vijana hawakuelewa, wakanipiga picha kwa simu. Siwalaumu. Mpwa wangu mwenyewe hutazama sehemu kumi za mchezo kwa kikao kimoja, masikio ameyaziba, kisha hunilalamikia, "Mjomba, simu ya jambazi ilikuwa haina chaji, amepigaje?" Anayaona mapengo yote, na ana haki. Lakini akishayaona, hana wa kumpigia kelele wiki nzima, hana baraza la kumpa achari, na hakuna mtu anayemwekea leso msumarini miaka ishirini.

Nilirudi nimeloa jasho, nikamkabidhi leso yake. Bi Rukia akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka magotini, macho yamejaa maji na kicheko. Nikaona hapa ndipo pa kuuliza.

"Bi, la mpwa nimekubali. Lakini yale mapengo mengine je? Zile kurasa zilizozama Feri?"

"Mwanangu," akasema, "hakuna karatasi iliyozama. Mwanzo tulikuwa twaamkiana, na mwisho nilikuwa nikizima mimi."