Alfajiri Niliyoitangaza Mapema

Sisi tuliokulia Ndosho, mtaa wa Goma, enzi za nyumba za mbao juu ya mawe meusi ya volkano, kucha tulikujua kwa macho. Vijana wa leo jua huwakuta kitandani, na likiwapiga usoni wanavuta pazia. Kwetu hapakuwa na pazia wala saa. Saa ya nyumba ilikuwa mimi.

Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na mitumbwi ilifika ufukoni kulipokucha. Ukichelewa unakuta wamekwisha, na siku hiyo mnashindia chai tupu. Kwa hiyo kila alfajiri nilikaa mlangoni nimejifunika kitenge chake, macho upande wa Gisenyi, ambako jua hutokea nyuma ya vilima. Kwanza kijivu, halafu rangi ya papai, hapo namwita. Sikuweza kutulia. Nilisimama, nikakaa, nikasugua miguu kwenye mawe baridi, nikiogopa kupitiwa na usingizi. Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kabisa kwamba jua haliwezi kutoka bila mimi.

Tatizo la Goma ni kwamba mbingu yake ina wekundu wa aina mbili. Kaskazini uko mlima wa volkano, Nyiragongo, na kukiwa giza moto wake hupaka mawingu rangi. Mama alinionya mara nyingi: "Uangalie muzuri, mulima haiko jua." Nilimjibu kwa kiburi kwamba najua.

Siku moja mawingu yalikuwa chini sana, mekundu kila upande. Nikakurupuka. "Mama, kumesha kucha!"

Alitoka, akatazama mbingu kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Ni kweli, kumesha kucha. Muvae viatu. Leo tunaenda wote ku ziwa."

Akamfunga mdogo wetu mgongoni, mimi na kaka yangu tukashika beseni. Alitembea upesi, akigeuka nyuma kila mara. Ufukoni hatukukuta mtumbwi hata mmoja. Tulikaa tukitetemeka, jua likakawia mno, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimeutangaza mlima. Niliona aibu hadi nikalia. Mama hakunigombeza. Alinipa kiazi cha jana, akaendelea kutazama kaskazini. Jua la kweli lilipotoka na mawingu yakawa meupe, akanunua samaki wake, tukarudi nyumbani.

Aibu ile niliibeba hadi ukubwani. Majuzi, tukichambua maharage uani, nikaona bora nimwombe msamaha yaishe. Mama alicheka.

"Nilijua ni mulima. Siku ile ilikuwa inawaka kupita kawaida, njo maana niliwatosha inje ya nyumba. Ningewaambia kweli, mungelia barabara yote."

Nilishindwa kuendelea na maharage. Miaka yote hiyo nilidhani nilimtesa bure.

Sasa nina watoto watatu, na mawingu yakianza kuwa mekundu kwangu hakuna usingizi. Nazunguka ndani, nafungua mlango, naufunga. Enzi zetu mama alisema kumekucha, tukavaa viatu, tukamfuata. Hawa wangu wana simu chini ya mto. Nikiwaambia kumekucha wataangalia saa, waniambie ni saa tisa ya usiku, wajifunike tena. Nitawatoaje ndani bila kuwatisha?