Mistari ya Kwasa Nyarugusu

Niliondoka Shinyanga kwa sababu sikumwamini Masanja. Tulisoma fizikia pamoja, na miaka hiyo ya sabini alifundisha Nyarugusu. Alinipa habari kwamba amepata picha ya mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi wa kwasa, kitu cha mbali sana kionekanacho kama nyota hafifu, na kwamba kinatukimbia kwa karibu sehemu moja ya saba ya kasi ya nuru. Alitaka niwafundishe wanafunzi wangu. Nilishuku kwamba alichagua jibu kwanza, kisha akatafuta hesabu ya kulifikia.

Kahama nilipata lori la mbegu za pamba. Abiria wenzangu waliutazama mfuko wangu zaidi kuliko walivyonitazama mimi.

Karibu na Nyarugusu, kwenye kizuizi, mgambo alipekua mfuko wangu, akatoa lenzi yangu ya kukuzia. Alisema lenzi za namna hiyo hubebwa na wanunuzi wa dhahabu ya magendo. Nilipomweleza kuwa nakwenda kupima mwanga, alinishusha na kunipeleka mwenyewe kwa Masanja. Alisema maelezo yasipomridhisha, nitalala mahabusu.

Alasiri tulifika. Masanja alinikaribisha, lakini mgambo hakuondoka. Watu wawili kujuana, kwake, hakukuthibitisha kitu. Aliketi akinikodolea macho.

Masanja aliweka mezani picha na hesabu zake, akamweleza kwamba mwanga wa haidrojeni inayong'aa, ukitawanywa, huonyesha mistari angavu yenye mpangilio wake. Chanzo kikitukimbia, mistari yote husogea kuelekea wekundu, kwa uwiano mmoja.

“Inaweza kulingana kwa bahati,” nikasema.

“Usiniamini, Mama Kabula. Pima.”

Nilifunika hesabu zake. Nikapima msogeo wa mstari mmoja tu, na kwa uwiano huo nikakokotoa mahali unapopaswa kuwa wa pili, nikatia nukta ya penseli ukingoni. Niliposogeza lenzi, mstari ulikuwa pale, hafifu, penye nukta yangu hasa. Wa tatu nao hivyo hivyo. Nikarudi kwenye mstari wa pili, nikaupima upya.

Mgambo akasimama, akasema naweza kubaki na lenzi. Masanja akamuuliza kama ameelewa.

“Ya nyota siyajui,” akajibu. “Nimemtazama mama usoni. Mtu wa magendo hashangazwi na anachokitafuta.”

Asubuhi nilirudi Shinyanga na picha ya kuazima. Darasani sikuutaja mwendo wa kwasa. Niliwapa wanafunzi picha, rula na penseli, nikawaacha wanishuku.